Wauguzi waliokata tamaa: anza na ratiba ya zamu

Dada, umesema wewe ni muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi, wenzako wamekata tamaa, na mshahara huna uwezo wa kuupandisha. Nakuelewa, nimekaa wodini miaka mingi.

Anza na ratiba ya zamu. Usiipange peke yako ofisini kisha ukaibandika ukutani. Waachie waipange wenyewe, wewe uhakikishe tu usiku haukosi mkunga mzoefu. Muuguzi anayenyonyesha akijua atasikilizwa, anakuja kazini na moyo mwingine.

Kisha unda timu ndogo ya uboreshaji kazi, kama zile za 5S (utaratibu wa Kijapani wa kupanga na kusafisha mahali pa kazi) zilizoanza hapa Tanzania katika Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007. Tafadhali, wahudumu wa usafi nao wawemo. Wao ndio wa kwanza kuona bomba likivuja. Timu ikichagua tatizo, iachie ilitatue, na ikikwama nenda wewe kwa mganga mfawidhi kuitetea. Hapa ndipo viongozi wengi huteleza: wanaomba maoni, halafu kimya. Hilo linaumiza kuliko kutoulizwa kabisa.

Posho wanazodai zifuatilie kwa maandishi, na nakala ya barua uwaonyeshe.