Jina la mfadhili lilizidi mfuko wake

Mhariri, swali lenu la wiki hii lauliza mfadhili wa fasihi humpa mwandishi nini hasa. Jibu la haraka ni fedha. Lakini mtazameni Edward de Vere, Earl (cheo cha kikabaila) wa 17 wa Oxford (1550–1604), mshairi katika ikulu ya Malkia Elizabeth wa Kwanza. (Madai yaliyoenea tangu 1920 kwamba ndiye aliyeandika tamthilia za Shakespeare nayaweka kando: kadhaa kati ya hizo ziliandikwa yeye akiwa kaburini.)

Kikubwa alichotoa ni jina. Kwa sheria ya Uingereza ya 1572, waigizaji wasio na bwana walihesabiwa wazururaji. Adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa viboko na kutobolewa sikio kwa chuma cha moto. Kwa hiyo kundi la waigizaji alilolichukua mwaka 1580 lilipata ulinzi njiani kabla hata ya kuulizia malipo. Waandishi nao walimwekea tabaruku, yaani maneno ya kumtunukia kitabu, mwanzoni mwa vitabu vyao, na yeye hakuishia kupokea sifa tu: mwaka 1573 alihakikisha tafsiri ya Thomas Bedingfield ya kitabu cha Mwitaliano Cardano inachapwa, akaitungia mwenyewe barua ya utangulizi na shairi.

Aliyefaidi zaidi ni John Lyly, katibu wake na mwandishi wa tamthilia. Mwaka 1583 de Vere alipata upangaji wa ukumbi wa Blackfriars, London, akamwachia Lyly. Wavulana waimbaji waliigiza humo tamthilia za Lyly, kisha wakazipeleka mbele ya malkia, ambako malipo ya kawaida yalikuwa pauni 10 kwa onyesho. Kasoro ilikuwa kwenye mkataba. Upangaji huo ulikuwa umeshapita mikononi mwa wapangaji kadhaa, na mwenye jengo, Sir William More, alikuwa akilidai mahakamani. Mwaka 1584 More akalirudisha mikononi mwake, na Lyly akakosa ukumbi.

Fedha ndizo zilizompiga chenga de Vere. Alifiwa na baba akiwa na miaka 12, akawa chini ya ulezi wa malkia. Alipotimiza 21 alitakiwa kulipa maelfu ya pauni ili akabidhiwe urithi wake. Juu ya deni hilo akaweka ubadhirifu wake mwenyewe, ikiwamo safari ya Italia ya 1575–76, akilipia kwa kuuza mashamba. Shamba likishauzwa, kodi yake ya mwakani nayo imekwenda. Mwaka 1586 malkia akaanza kumpa pauni 1,000 kwa mwaka, kwa mafungu manne.

Deni la bwana humwangukia aliye chini yake. Miaka michache baadaye mshairi mzee Thomas Churchyard alimpangia Earl vyumba London na kutia sahihi ya dhamana. Kodi haikulipwa, na aliyelazimika kukimbilia hifadhi kwa kuogopa kukamatwa ni Churchyard.