Nia ipo, njia je? Maswali yenu kuhusu tumaini

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba mtu anaweza kutarajia mabaya na bado akawa na tumaini. Barua zimekuja nyingi, nyingine za kunipinga. Leo najibu tano.

Mwalimu, shikamoo. Mimi naona tumaini na mtazamo chanya ni kitu kimoja chenye majina mawili. Unatutenganishia nini? (Fundi wa fanicha, Keko, Dar es Salaam)

Marahaba, fundi. Mwenye mtazamo chanya anatabiri: anaamini kwamba kwa jumla mambo yatamwendea vizuri. Mwaka 1985 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Michael Scheier na Charles Carver, walitoa dodoso la kupima hali hiyo, na wanachotaka kujua ni kama kwa kawaida unategemea mazuri au mabaya. Utafanya nini ili mazuri yaje, hawakuulizi.

Tumaini lina kazi ndani yake. C. R. Snyder wa Chuo Kikuu cha Kansas alilichambua katika mambo matatu: kitu unachokitaka, nguvu ya kukifuata, na uwezo wa kuona njia za kukifikia. Njia, kwa wingi, maana ya kwanza mara nyingi huziba. Tuseme umechukua oda ya kabati na mninga umepanda bei. Mwenye mtazamo chanya anasema bei itashuka tu. Mwenye tumaini anaulizia mkongo, au anampigia mteja waongee upya kabla siku ya kukabidhi haijafika.

Utaniambia wahenga walishasema, penye nia pana njia. Naipenda methali hiyo, ila nimeiona ikigeuzwa fimbo ya kuwachapia waliokwama: hukufika kwa sababu hukuwa na nia. Snyder alivipima viwili hivyo kila kimoja peke yake. Yupo mtu mwenye nia tele asiyeona pa kupita, na yupo anayeijua njia vizuri lakini nguvu zimemwishia. Wa kwanza mwonyeshe mlango. Wa pili mpe chakula, usingizi na mtu wa kutembea naye. Ukiwahutubia wote wawili kuhusu nia, hujamsaidia hata mmoja.

Mwanangu alimaliza chuo miaka mitatu iliyopita. Ukuta wa chumba chake umejaa picha za magari na majumba, anasema anavuta mafanikio. Maombi ya kazi hatumi. Naogopa kumkatisha tamaa. (Mama, Morogoro)

Pole, mama. Kwanza tusimwonee kijana: kazi ni chache kweli, na miaka mitatu ya kukataliwa inamchosha mtu yeyote.

Lakini hofu yako kuhusu zile picha ina msingi. Mwanasaikolojia wa Kijerumani, Gabriele Oettingen, akiwa na mwenzake aliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu nchini Ujerumani kwa miaka miwili. Waliokuwa wakijiwazia sana ndoto tamu za kazi nzuri walituma maombi machache, wakaitwa kazini mara chache zaidi, na waliopata walilipwa kidogo kuliko wenzao. Cha kuangalia hapa ni kwamba wale walioamini kwamba nafasi ya kupata kazi wanayo walifanya vizuri. Basi kuamini kuna faida. Ubaya uko katika kuionja raha ya safari ambayo hujaianza, mpaka mwili unatulia kana kwamba umeshafika.

Usizibandue picha. Kaa naye jioni moja, mwache akueleze anachokitaka, amalize. Halafu muulize: ndani yako wewe, kinachokuzuia ni nini? Huenda ni aibu ya kukataliwa tena. Huenda wasifu wake ni ule ule wa mwaka aliohitimu. Kikishatajwa, amueni pamoja atafanya nini kizuizi hicho kitakapojitokeza. Hiyo ndiyo mbinu anayoifundisha Oettingen mwenyewe: ndoto, kisha kizuizi, kisha mpango.

Na hapo hutakuwa umemkatisha tamaa. Kiswahili kinasema kinachokatwa ni tamaa, yaani kule kutaka kwenyewe. Wewe utakuwa umegusa utabiri wake tu.

Nikisema Inshallah, ni tumaini au nakwepa? (Mwanafunzi, Malindi)

Inategemea unachofanya ukishalisema. Unaijua hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache huku akimtegemea Mungu. Aliambiwa amfunge, kisha ategemee.

Mume wangu ana saratani na madaktari wamesema haitibiki tena. Ndugu zake wananikataza kulia, wanasema nikionyesha huzuni namwondolea tumaini. Nimechoka kuigiza. (Mke, Arusha)

Pole sana, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Lia. Machozi hayaui mgonjwa. Ndugu zake wanampenda, lakini wanachodai kwako ni utabiri, useme atapona, na kukulazimisha kusema usichokiamini kunamwacha mumeo peke yake na ukweli anaouhisi mwilini mwake kila saa. Wagonjwa wengi hunyamaza ili wasiwaumize watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani hunyamaza ili wasimuumize mgonjwa. Siku zinakwisha hivyo.

Tumaini halijaisha, limebadilisha linachokitaka. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa jijini Kampala, kwa ajili ya wagonjwa ambao tiba haiwezi tena kuwaponya. Kwa wengi wao lengo lilikuwa kulala usiku mzima bila maumivu. Njia ilikuwepo: mofini ya maji, ya kunywa, inayotengenezwa hapo hapo Uganda kwa gharama ndogo, mgonjwa akaitumia akiwa kwake. Uliza hospitalini kwenu kuhusu huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, na maumivu yake uyataje waziwazi. Kisha muulize mumeo, mkiwa wawili tu, sasa anataka nini. Pengine ni kupelekwa kijijini, au kupatana na mtu fulani, au kuonja ndizi za mama yake. Mengi ya hayo yanawezekana, na mkilifanikisha moja, furaha yake itakuwa ya kweli.

Naona mambo ya dunia yanaharibika. Nijidanganye ili niwe na furaha? (Mwalimu mstaafu, Nakuru)

Hapana, mwalimu mwenzangu. Ni kweli watafiti wanaona mtazamo chanya na tumaini vyote viwili huandamana na kuridhika na maisha. Lakini tumaini halikudai useme usichokiona.

Wewe unaukumbuka mwaka 1992. Mwishoni mwa Februari akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipiga kambi kwenye kona ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, na kufunga kula, wakidai wana wao waachiwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Machi 3 polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Wangari alipigwa hadi akazimia, na baadhi ya mama wale wazee wakavua nguo mbele ya askari kama laana. Kwa serikali ya wakati ule, nani angetabiri kwamba watashinda? Uwanja ulipozibwa walihamia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, wakiimba na kuwasimulia wageni habari za wana wao. Ilipofika 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wameachiwa.

Sisemi walikuwa na raha kwenye sakafu ile ya kanisa. Ila kila asubuhi waliamka wakiwa na la kufanya, na wa kulifanya naye. Niambie, hapo Nakuru kuna shule yenye watoto wasiojua kusoma ambayo haijakuomba msaada bado? Nenda kaulize Jumatatu, kisha uniandikie walivyokujibu.