Anaimba silabi zote, ila hasomi neno

SWALI: Ninafundisha darasa la pili. Nina mwanafunzi wa miaka 8 anayetaja silabi zote za ubaoni, ba be bi bo bu hadi za mwisho, bila kukosea. Nikimwandikia "bata" anakodoa macho, kisha anasema "baba". Herufi b na d nazo anazichanganya. Nimeshamrudisha mwanzo mara tatu. Nimkaririshe tena, au ana tatizo kubwa zaidi?

JIBU: Usimkaririshe tena, mwalimu mwenzangu. Kesho mwonyeshe bo peke yake, kisha bi, kisha ba, kila moja kwenye kikaratasi chake, halafu tazama midomo yake. Niliwahi kukaa na mtoto wa aina hii. Nilipomwonyesha mo, alianza kunong'ona "ma, me, mi..." huku akikunja vidole, na kidole cha nne kilipofika akasema kwa sauti, "mo!" Jibu lilikuwa sahihi, lakini hakuwa amesoma. Alikuwa amehesabu beti za wimbo. Ukiona wako anafanya hivyo, ujue hajashindwa kusoma, bado hajaanza.

Kwa hiyo vunja wimbo. Weka kando chati nzima, ubaki na konsonanti tatu, m, t na k, na irabu tatu, a, i na u. Hizo ni silabi 9 tu, lakini zinakupa kata, kiti, tamu, kumi, kuku, tatu, hata kamata. Zichanganye kila siku. Usitaje k kwa jina lake, "ke", maana mtoto anayeambiwa "ke na a" husikia "kea", na hapo hana kosa. Mpe sauti yenyewe, fupi, kisha muiburute pamoja hadi iingie kwenye irabu.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kubadili herufi moja moja. Andika kitu. Akishasoma, futa u mbele ya macho yake uweke i: kiti. Kisha kati, kata, kuta, kutu. Hapa hawezi kubahatisha kwa kutazama mwanzo wa neno, kama anavyofanya kwa bata na baba, kwa sababu mabadiliko yanamlazimu kuangalia kila herufi. Asipojua maana ya kutu, mweleze kwa sentensi moja muendelee. Siku inayofuata geuza: wewe utamke, yeye aandike. Kuandika kutakuonyesha sauti asiyoisikia vizuri. Na ondoa picha wakati wa zoezi hili. Mtoto akiona picha ya kiti atasema "kiti" hata kama umeandika meza.

Dakika 15 kila siku zinamfaa kuliko saa nzima mara moja kwa wiki.

Kuhusu b na d, watoto wengi wanaoanza huzichanganya, na peke yake si dalili ya ugonjwa wowote. Umbo ni lilelile, limegeuzwa tu; kikombe kikigeuzwa kinabaki kikombe, kwa nini herufi isibaki herufi? Tatizo ni kuzifundisha wiki moja. Shika b kwanza, aone midomo inavyofumba kabla ya sauti kutoka. D ije wiki kadhaa baadaye, ulimi ukigusa nyuma ya meno.

Mb, nd, ng na ng' zisubiri. Hizo zina mitego yake: mbu ni m-bu, lakini mbuzi ni mbu-zi, ngoma na ng'ombe hazianzi kwa sauti moja. Nimeona walimu wakizileta mapema kwa sababu ratiba inadai, na mtoto aliyeanza kusimama akaanguka.

Je, ana tatizo kubwa zaidi? Kiswahili huandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa, na hilo husaidia sana. Utafiti uliochapishwa 2003 ukilinganisha lugha 13 za Ulaya ulikuta kwamba mwishoni mwa mwaka wa kwanza watoto wa Ufini, ambao lugha yao nayo huandikwa hivyo, walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno ya kawaida. Waliojifunza kwa Kiingereza, asilimia 34. Kwa hiyo katika lugha kama yetu sishauri kungoja "atakua tu". Mpe wiki 8 hadi 10 za kazi hii. Kama silabi zile 9 bado zinamtoroka, mwone mtaalamu wa elimu maalumu. Akizisoma sawasawa lakini polepole mno, silabi kwa silabi, hata baada ya miezi, mweleze mtaalamu hilo pia, kwani katika lugha za aina hii ugumu wa kusoma mara nyingi hujificha kwenye kasi.

Ila kabla ya zoezi lolote, apimwe macho na masikio. Na muulize mzazi ni lugha gani inazungumzwa nyumbani: kama si Kiswahili, huenda mtoto anaunganisha "kuta" vizuri kabisa, kisha anakutazama akingoja umwambie amesoma nini.