Hadubini haipitishi azimio

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasomea ualimu wa fizikia na ninatafsiri somo la hadubini ya elektroni. Kompyuta imenipa sentensi hii: "Azimio la picha za fuwele huzuiwa na mambo kadhaa." Mwenzangu anashikilia niandike "ukuzaji". Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Hakuna. Si mwenzako, na kompyuta ndiyo kabisa.

Azimio! Nimelikuta kwenye maelezo ya simu, ya runinga, ya kamera, "azimio la juu", na kila mara najiuliza kikao kilikaliwa wapi, akidi ilitimia, nani aliunga mkono hoja. Azimio ni zao la kuazimia, kwa asili ya Kiarabu: kutia nia. Arusha ilikuwa nalo, mwaka 1967. Hadubini haina nia. Kiingereza kina neno moja, "resolution", lenye maana mbili, na mfasiri ameokota ile iliyokuwa karibu na mlango. Ameazima shati bila kulijaribu.

"Ukuzaji" ni kosa la mtu mwenye akili, lakini ni kosa. Chukua pacha, Kulwa na Doto, wamesimama mbali wamegusana mabega. Unaona kivuli kimoja. Piga picha, ikuze iwe na ukubwa wa kanga, itundike ukutani: unaona kivuli kimoja kikubwa. Umekuza. Hujajua kama ni Kulwa, ni Doto, au ni gunia la mkaa. Siku utakapoona mwanya kati yao, hapo umepambanua. Basi neno ni upambanuzi.

Na pacha hao wamo kweli ndani ya fuwele, yaani kitu ambacho atomi zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia. Silikoni ukiitazama kutoka upande fulani, safu za atomi husimama mbilimbili, umbali wa nanomita 0.136 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Hadubini yenye upambanuzi wa nanomita 0.24 itakupa doa moja, hata ulikuze mpaka lifunike ubao.

Usidhani tatizo ni wimbi la elektroni kuwa pana kuliko mwanya. Kwa volti 200,000, urefu wa wimbi la elektroni ni kama nanomita 0.0025, mwembamba mno kuliko mwanya wa pacha wetu. Mkosaji mkuu ni lenzi: elektroni zipitazo pembeni hupindwa kupita kiasi, zikakutana mapema kuliko zile za katikati. Mwanafizikia Mjerumani Otto Scherzer alionyesha mwaka 1936 kwamba lenzi za kawaida za duara haziepuki kasoro hiyo. Ilichukua miaka sitini na ushee. Mwaka 1998 wanafizikia Haider, Rose, Urban na wenzao walitangaza kirekebishi cha kasoro hiyo, kilichoushusha upambanuzi wa hadubini ya volti 200,000 kutoka nanomita 0.24 hadi karibu 0.14, mlangoni kwa Kulwa na Doto. Kuna pia mtikisiko wa jengo, kipande kinene cha fuwele kinachozitawanya elektroni mara nyingi, na miale yenyewe kuharibu fuwele. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kwa msaada wa hesabu za kompyuta, walifika mahali ambapo ukungu uliosalia ulitokana hasa na atomi zenyewe kutetemeka kwa joto. Hata Doto hatulii apigwe picha.

Ukiandika "mwonekano" nitanung'unika tu. Umeshazoeleka kwenye simu na mimi nimechoka kugombana na simu. Ukiandika "azimio", likate kwa kalamu nyekundu kabla sijafika.

Na hilo "huzuiwa" nalo siliachi. Kizuizini huwekwa mtu. Andika: "Upambanuzi wa picha za fuwele una vikomo kadhaa."