Nafasi ipo, Ubuntu inaikataa

Wengi wanaoniletea laptopu hapa Wandegeya wanataka kitu kilekile, Windows ibaki na Ubuntu, yaani mfumo wa Linux, ikae pembeni, na wamekwama palepale: wameshapunguza C, pale Windows ilipokaa, wakapata nafasi, lakini wakianza kuinstoli wanaambiwa hiyo nafasi haitumiki. Basi mtu analaumu flashi, anadaunilodi Ubuntu upya, data inaisha bure. Jamani, flashi haina kosa.

Laptopu za mtumba zinazouzwa Kampala, hasa zile za zamani, mara nyingi diski yake imegawanywa kwa MBR, mtindo wa zamani wa kugawa diski, na MBR inakubali patisheni (vipande vya diski) kuu 4 tu. Sasa hesabu mwenyewe: ile ndogo ya kuwashia Windows, C, ya rikavari (ya kurudishia Windows ikiharibika), alafu fundi aliyekuuzia akakutengenezea na D uweke muziki. Zimeisha hizo! Hata kama una GB 200 ziko wazi, huwezi kuzifanya patisheni nyingine.

Dawa yake: hamishia vitu vya D kwenye diski ya nje, ifute D, usiifomati tena, iache wazi. Alafu buti kwa flashi, fungua GParted, programu ya kugawa diski, kwenye ile nafasi tengeneza kwanza ekstendedi, patisheni inayobeba nyingine ndani yake, na humo ndo uweke ya Ubuntu, Linux haina maringo, inawaka hata ikiwa humo ndani. Windows ikikuuliza kama igeuze diski iwe dainamiki, mtindo wake mwingine wa kupanga diski, kataa, kataa kabisa, kwa sababu ukitaka kuirudisha kwa vifaa vya Windows yenyewe itabidi ufute kila kitu. Ipo pia programu ya mbr2gpt, iko ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703, inageuza MBR kuwa GPT, mtindo mpya wa kugawa diski, bila kufuta data, ila ikikuta patisheni 4 inagoma, na mashine lazima iwe na UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta, maana baada ya hapo Windows itawaka kwa njia hiyo tu.

Kama shida ni kwamba Ubuntu haioni Windows kabisa, usigonge "futa diski yote" kwa hasira. Washa Windows, andika msinfo32, soma BIOS Mode, inakuambia Windows inawaka kwa UEFI au kwa njia ya zamani (Legacy), alafu kwenye menyu ya kubuti flashi yako inaweza kutokea mara mbili, moja imeandikwa UEFI nyingine haina, chagua inayofanana na ya Windows.

Na C ikigoma kupungua, andika powercfg /h off kwenye CMD ya admin. Faili la haibaneti, ambalo Windows inahifadhia kazi ikilala, linaondoka, na ile Fast Startup ya kuwasha haraka inazimika papo hapo, ambayo ndo inafanya Ubuntu ishindwe kuandika kwenye C kwa sababu Windows haikuzima sawasawa. BitLocker, kufuli la Windows la kufunga data ya diski, ikiwepo, hakikisha ufunguo wa rikavari unao kabla hujagusa chochote, hapo sina mjadala.

Kuhamisha patisheni kwa GParted kunaweza kula masaa, na umeme wetu mnaujua, kwa hiyo betri iwe imejaa, na kama ni desktop bila UPS mi siigusi.

Ukimaliza, Windows ikionyesha saa iko nyuma masaa 3 usirudi kwangu, ni kwamba Ubuntu inaweka saa ya mashine kwa UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko UTC+3. Andika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye teminali ya Ubuntu.