Maswali na Majibu: Kufunga Pombe Wakati wa Kwaresima

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Mume wangu amekunywa kila siku kwa miaka mingi, mbege jioni na pombe kali usiku. Jumatano ya Majivu alirudi kutoka kanisani akatangaza mbele ya watoto kwamba amefunga pombe hadi Pasaka, nasi tukafurahi. Kesho yake usiku mikono ilimtetemeka hata kikombe cha chai kikamshinda, jasho likamtoka, usingizi ukampaa. Siku ya tatu akawa anafukuza wadudu ukutani ambao sisi hatukuwaona. Wifi yangu alisema ni mapepo. Jirani akaleta kata ya mbege, akanywa, akatulia. Sasa anaona haya kwa kuvunja ahadi yake kwa Mungu, na anataka kuanza upya wiki ijayo. Je, ametenda dhambi? Tumsaidieje?
Mama wa watoto watatu, Majengo, Moshi

JIBU: Mama, pole sana. Nianze na lile lisiloweza kungoja: mumeo asianze upya akiwa nyumbani. Aende kwanza hospitali, hata kama leo anajiona mzima.

Hayo mliyoyaona si mapepo, wala si udhaifu wa imani. Mtu anapokunywa kila siku kwa miaka, ubongo wake hujizoeza kufanya kazi huku pombe ikiupooza, na pombe ikiondolewa ghafla ubongo huo hubaki umechangamka kupita kiasi. Kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na kukosa usingizi huanza saa chache baada ya kinywaji cha mwisho, kwa kawaida kati ya saa 6 na 24. Degedege huweza kutokea ndani ya siku mbili za kwanza. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wako wanaochanganyikiwa, wakapata homa na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo isipotibiwa huua. Mumeo alifika karibu kabisa na hatari hiyo, na ndiyo sababu kata moja ya mbege ilimtuliza: mwili ulikuwa unadai kile ulichokizoea. Lakini mbege si tiba yake, kwa maana inamrudisha pale pale alipotoka.

Moshi mna bahati ya kuwa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi na ile ya KCMC. Nenda naye, umweleze daktari bila kuficha anakunywa nini, kiasi gani, alikunywa lini mara ya mwisho, na hayo ya wadudu ukutani usiyaache. Daktari anaweza kumpa dawa ya kutuliza ubongo, kama vile diazepamu, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wa muda mrefu huwa wamepungukiwa. Usimnunulie dawa za usingizi dukani kwa kukisia, kwa sababu zikichanganyika na pombe zinaweza kumzuia kupumua. Akipata degedege au akianza kuchanganyikiwa tena, msingoje kupambazuke.

Kuhusu dhambi, sheria ya Kanisa Katoliki iliyotangazwa mwaka 1983 inawataka waumini waliotimiza miaka 14 kujinyima nyama, na wenye miaka 18 hadi 59 kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Pombe haimo katika sheria hiyo. Mumeo aliiongeza kwa hiari yake, kwa nia njema, na sioni namna mtu anayeugua anavyoweza kuhesabiwa hatia kwa sababu mwili wake ulishindwa. Akazungumze na paroko wake ili moyo utulie, na naamini ataambiwa kwamba kwenda kutibiwa si kuikimbia toba.

Yapo mengine ambayo familia nyingi za huku kwetu hazipendi kuyasikia. Kufunga kuna siku ya kufungua. Kwa mtu anayekunywa mara moja moja, Kwaresima bila pombe ni zoezi jema, na Pasaka akipata glasi yake hakuna kinachoharibika. Kwa mtu aliyefika alikofika mumeo, Jumapili ya Pasaka ndiyo siku ya hatari kuliko zote, kwa kuwa ndugu watampokea kwa kata iliyojaa wakimpongeza kwa kuvumilia. Yeye anahitaji kuacha kabisa, bila tarehe ya kufungua, na hilo halibebwi na mtu mmoja. Vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, vilivyoanzia Marekani mwaka 1935, huwafundisha wanachama kuiahidi siku ya leo tu, kesho ikaahidiwa kesho.

Nanyi nyumbani mna kazi yenu. Msimwambie kwamba mbege ni chakula tu kwa vile imepikwa kwa ndizi na ulezi, kwani kilevi kilichomo ni kile kile kilichomo katika chupa. Kwenye harusi na matanga, ambako kuikataa kata huonekana kama kumkataa aliyeitoa, mzee mmoja wa ukoo aombwe mapema aseme kwa niaba yake kwamba huyu hanywi, apewe soda. Neno likitoka kwa mzee, hakuna atakayemsonga.

SWALI: Mume wangu amejiunga na kikundi cha maombi, na ameamua peke yake kwamba Kwaresima nzima hatutakutana kimwili. Nikiuliza, ananiambia sina imani. Je, ana haki?
Mke, Sakina, Arusha

JIBU: Hapana, dada, si kwa kuamua peke yake. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 7:5, anawaambia wanandoa wasinyimane isipokuwa kwa kupatana, kwa muda, ili wapate nafasi ya kusali, kisha warudiane. Hata jirani zetu Waislamu, ambao saumu yao huwazuia tendo hilo mchana wa Ramadhani, wameruhusiwa usiku kwa aya ya 187 ya sura ya Al-Baqara. Msomee mumeo mstari huo wa Paulo mkiwa wawili, mtaje siku ambazo wewe mwenyewe uko tayari kujizuia pamoja naye, na akiendelea kukuhukumu mwende wote kwa mchungaji au padri wenu, si kwa kiongozi wa kikundi chake.