Kivuko cha Basel: usikiache

Dada, umeuliza kama vivuko vya zamani vya Basel, Uswisi, vinastahili nusu siku. Nusu siku ni nyingi. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Ila usiviache. Cha kwanza kilianza mwaka 1854, na leo vipo vinne, vyote bila injini: mashua imefungwa kwenye waya uliokatiza juu ya mto Rhine, nahodha anaielekeza, mkondo unaisukuma hadi ng'ambo. Raha yake ni hiyo, unasikia maji tu. Mimi ningeanzia nyuma ya kanisa kuu, nishuke ngazi hadi kivuko cha Leu, nivuke kwenda Kleinbasel, upande wa pili wa mji, kisha nigeuke kutazama minara myekundu ya kanisa hilo. Majira ya baridi nenda mchana, saa za kazi hupungua. Na beba sarafu.